Kurusha MiG-15bis Kwenye DCS World: Mwongozo Kamili, Kutoka Maegesho Hadi Kutua

Wanaoanza kurusha MiG-15bis, ndege ya kivita ya jeti ya Kisovieti, kwenye DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuiga urushaji wa ndege, huharibikiwa sehemu zilezile tatu. Kuna asiyetoka kabisa kwenye maegesho, maana ndege inamzunguka palepale na mwisho inaparamia nyasi. Kuna anayepaa vizuri, kisha kwenye kona ya kwanza anavuta kijiti kwa pupa, bawa moja linadondoka na habari inaishia hapo. Na kuna wale wa tatu, ambao ndio wengi. Hao hufika mpaka mbele ya uwanja, wakaona wako chini mno, wakasukuma nguvu yote, injini isijibu, wakapiga ardhi kabla ya kufika njia ya kurukia.

Chanzo ni kimoja. Ndege hii haifuati amri papo hapo. Injini yake ya VK-1 huchukua sekunde nyingi kupanda kutoka nguvu ya chini hadi ya juu, gurudumu lake la pua halina usukani, na hakuna kompyuta ya kusahihisha mkono wako. Ukingoja uone tatizo ndipo uchukue hatua, umeshachelewa. Kila hatua hapa chini inakufundisha kuamua mapema kuliko ulivyozoea.

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Anayekimbilia mapigano kabla hajajua kutua hupoteza muda mwingi akiianzisha misheni upya.

## Vitu unavyohitaji

DCS World. Programu ya msingi ni bure. MiG-15bis ni moduli ya kununua, lakini toleo linalopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa Eagle Dynamics, watengenezaji wake, hukuruhusu kujaribu moduli nyingi kwa siku 14 bila malipo. Hizo zinatosha kujua kama ndege hii inakufaa.

Joistiki. Kibodi na kipanya havitoshi. Kitufe kina hali mbili tu, kubonyezwa au kuachwa, na ndege hii inataka robo ya mvuto, wakati mwingine chini ya hapo. Joistiki ya kawaida inatosha mradi kijiti chake kizunguke kushoto na kulia. Mzunguko huo utasimama mahali pa pedali za miguu, zinazotawala usukani wa mkia.

Wenzo wa mafuta. Hata ule mdogo ulio chini ya joistiki unafaa.

Kifuatilia kichwa, yaani kinachogeuza mtazamo wa skrini unapogeuza kichwa. Kwa kutua si lazima. Kwa mapigano utakihitaji, maana huwezi kumpiga usiyemwona. Opentrack ni programu ya bure inayoweza kutumia kamera ya kawaida ya kompyuta.

Karatasi na kalamu. Utaandika kasi chache na kuzibandika pembeni ya skrini.

## Mipangilio kabla ya kuruka

Sehemu hii huonekana ya kuchosha, lakini nusu ya malalamiko kuhusu "ndege mbovu" huanzia hapa.

Fungua ukurasa wa vidhibiti, chagua MiG-15bis, kisha tazama mihimili. DCS ina tabia ya kukabidhi mhimili mmoja kwa kila kifaa inachokikuta. Ukiwa na joistiki na pedali, usukani wa mkia unaweza kuwa unatawaliwa na vyote viwili, kila kimoja kikivutia kwake. Futa vya ziada mpaka kila mhimili ubaki na kifaa kimoja.

Kisha hakikisha wenzo wa mafuta haufanyi kazi kinyume. Ukiusukuma mbele, wenzo ulio ndani ya chumba cha rubani nao uende mbele. Wenzo huo wa ndani ukirudi nyuma, weka alama ya kugeuza mhimili.

Lainisha mhimili wa pua kwa kuupinda kiasi cha 15 hadi 20. Maana yake ni kwamba karibu na katikati kijiti kitakuwa kipole. Usizidishe hapo, la sivyo kitakuwa kipole katikati na kikali ghafla pembeni.

Mwisho, weka vidhibiti hivi mahali unapovifikia bila kutafuta kwa macho: breki za magurudumu, trimu ya pua (inayoishika pua mahali bila wewe kuvuta kijiti), flapu (sehemu za nyuma ya mbawa zinazoshushwa wakati wa kupaa na kutua), magurudumu, breki za angani, na vitufe viwili tofauti vya kufyatulia. Breki za magurudumu ziwe kwenye joistiki yenyewe, kwa sababu utazitumia huku ukigeuza pedali.

Ukiwa ndani ya ndege, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Kijisanduku kitatokea kikionyesha kijiti na pedali zako ziko wapi. Kiache wazi muda wote wa mazoezi.

## Hatua ya 1: Tengeneza misheni ya mazoezi

Tumia kihariri cha misheni na ramani ya Caucasus, ambayo ni ya bure. Weka ndege Mozdok. Uwanja huo una njia ndefu, ardhi tambarare, na hakuna milima ya kukuvizia unapozunguka. Batumi inavutia kwa mandhari, ila bahari iko upande mmoja na milima upande mwingine, kwa hiyo iache kwanza.

Weka asubuhi angavu, upepo sifuri, mafuta nusu, bila matangi ya nje. Anza kwenye maegesho injini ikiwa inaunguruma tayari. Wapo watakaokuambia kwamba asiyewasha swichi moja moja si rubani. Wapuuze kwa sasa, kwani katika yale maangamizi matatu hakuna hata moja linalotokana na swichi. Ukishajua kutua, Windows ya kushoto pamoja na Home itakuonyesha mpangilio wa kuwasha swichi kwa swichi.

## Hatua ya 2: Kutembea ardhini

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, basi tukae kidogo.

Gurudumu la pua linajizungukia lenyewe, halijaunganishwa na chochote. Unageuza ndege kwa breki. Kuna wenzo mmoja wa breki kwenye kijiti, na breki zenyewe zinaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Pedali ndizo zinazoamua hewa iende gurudumu lipi. Breki bila pedali inasimamisha ndege ikiwa imenyooka. Pedali bila breki, ukiwa mwendo wa pole, haifanyi lolote. Pedali ya kushoto pamoja na breki inaigeuza kushoto. Ukishalielewa hili, umemaliza sehemu ngumu.

1. Achia breki, sukuma wenzo wa mafuta polepole hadi mizunguko 5,000 hivi kwa dakika, kisha subiri. Ndege itakaa kimya kama haijasikia. Usiongeze. Itaanza kusogea.

2. Ikisogea tu, punguza. Kutoka hapo inahitaji nguvu ndogo zaidi kuendelea.

3. Iache itembee mita chache ikiwa imenyooka ili gurudumu la pua lijipange.

4. Kugeuka: pedali kwanza, kisha breki kwa kugusagusa. Gusa, achia, tazama. Pua ikikaribia unakoelekea, achia kabla haijafika, maana itaendelea kuzunguka yenyewe kidogo. Ikipitiliza, gusa upande wa pili.

Onyo. Usigeuze ndege ikiwa imesimama. Ukishikilia breki ya upande mmoja bila mwendo, gurudumu la pua hulala kando, na kila ukiongeza nguvu unazunguka palepale. Ikishatokea, achia breki zote, ongeza nguvu kidogo mpaka ndege isogee, halafu gusa breki ya upande wa pili mara moja moja hadi pua ifunguke.

Utajua umefaulu ukitoka maegesho, ukafika mwanzo wa njia ya kurukia, ukageuka na kurudi bila kukanyaga nyasi. Fanya hivyo kwanza bila kupaa. Inachosha, najua, lakini ukitoka hapo hutaifikiria tena.

## Hatua ya 3: Kupaa

Ingia njia ya 08, maana yake pua ielekee karibu digrii 80. Tembea mita chache ukiwa umenyooka, kisha simama. Ukisimama huku gurudumu la pua limepinda, ndege itachomoka kando mara tu utakapoongeza nguvu.

Shusha flapu digrii 20. Shikilia breki, pandisha injini taratibu mpaka karibu 8,000. Chini ya hapo injini hii haipendi kuharakishwa. Ukiutupa wenzo mbele kwa mkupuo, unaipa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na inaweza kupata joto kupita kiasi au kuzimika. Ikishafika 8,000 inakuwa sikivu zaidi.

Achia breki, sukuma wenzo hadi mwisho kwa utulivu. Mizunguko ya juu kabisa ni 11,560.

Mwanzoni nyoosha ndege kwa kugusa breki na pedali. Kasi ikipanda, usukani wa mkia unapata hewa, na pedali peke yake inatosha. Acha breki kabisa hapo. Anayeendelea kuzigusa ndiye utakayemwona akienda mkondo wa nyoka hadi nyasini.

Kasi ikifika kilomita 160 hadi 170 kwa saa, vuta kijiti kidogo pua inyanyuke. Usivute zaidi. Ishike hapo, na ndege itaacha ardhi yenyewe karibu na 220 hadi 230. Ukiwa na hakika unapanda, kunja magurudumu. Ukipita mita 100, kunja flapu, na uwe tayari kurekebisha pua kwa trimu.

Kipimo cha kasi kina mishale miwili. Kwa kupaa na kutua fuata ule mnene, unaoonyesha kasi ya hewa inayopiga ndege. Mwembamba ni wa kasi halisi, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyoachana.

Utajua umefaulu ndege ikipita mwisho wa njia ikiwa juu ya mstari wa katikati, inapanda, nawe hupigani na kijiti.

## Hatua ya 4: Kuizoea ndege juu

Panda hadi mita 3,000. Usianze chini ya hapo, maana utahitaji nafasi ya kukosea.

Fanya kona za kuinamisha bawa digrii 45, kushoto na kulia, bila kupanda wala kushuka. Kisha punguza nguvu, acha kasi ishuke taratibu huku ukishika pua juu. Kabla mbawa hazijaishiwa nguvu ya kubeba ndege, ndege itaanza kutetemeka. Zoea mtetemeko huo, kwa sababu onyo jingine hutapata. Ukiusikia, legeza kijiti mara moja. Ukiupuuza na kuzidi kuvuta, bawa moja litadondoka na ndege itaanguka ikizunguka kama pia.

Ikishaanza kuzunguka, rudisha wenzo wa mafuta chini, weka kijiti katikati, kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko, kisha sukuma kijiti mbele. Tazama paneli ya vipimo: katikati yake kuna mstari mweupe uliochorwa wima. Haukuwekwa kwa urembo. Rubani aliyechanganyikiwa na mzunguko hapati hisia ya wapi ni katikati, basi anaelekeza kijiti kwenye ule mstari. Mzunguko ukikoma, rudisha pedali katikati na inyanyue pua kwa upole, usije ukaingia mzunguko wa pili.

Jaribu na kasi kubwa vilevile. Usukani wa pua hauna msaada wa haidroliki, kwa hiyo kasi ikipanda kijiti kinakuwa kizito na ndege inakawia kuinua pua. Ukifika Mach 0.92, yaani asilimia 92 ya kasi ya sauti, breki za angani zitafunguka zenyewe. Hiyo si hitilafu. Ndege inakuzuia usiende mahali ambapo haitakusikia tena.

## Hatua ya 5: Duara na kutua

Duara ni njia ya kuuzunguka uwanja kabla ya kutua. Andika kasi hizi kwenye ile karatasi, zote kwa kilomita kwa saa:

- Upande wa pili wa duara: 400
- Magurudumu chini: chini ya 400
- Flapu digrii 20: 350
- Flapu digrii 55: 300
- Juu ya mwanzo wa njia: 240 hadi 250
- Kugusa ardhi: 200 hadi 210

Upande wa pili. Baada ya kupaa geuka kushoto hadi uelekee karibu digrii 260, urefu wa mita 600 juu ya uwanja, njia ikiwa kushoto kwako na mbali kiasi. Wanaoanza hukaa karibu mno, kisha wanalazimika kukata kona kali wakiwa na kasi ndogo. Ni njia ya hakika ya kudondosha bawa chini chini. Tanua duara. Hakuna anayekukimbiza.

Ukiwa sambamba na mwanzo wa njia, shusha magurudumu na usubiri taa za kijani. Punguza hadi 350, shusha flapu 20, rekebisha trimu.

Kugeukia uwanja. Mwanzo wa njia ukiwa nyuma ya bega lako la kushoto, anza kugeuka na kushuka kwa kona pole. Ukinyooka na njia uwe na 300. Shusha flapu zote. Pua itataka kubadilika, basi ishike na urekebishe trimu tena.

Kushuka. Hapa ndipo ule uzito wa injini kujibu hudai haki yake. Tangu unapogeukia uwanja mpaka uwe na hakika utafika, usiruhusu mizunguko ishuke chini ya 5,000. Injini iliyo juu ya hapo hukupa nguvu ndani ya muda unaofaa. Iliyo chini kabisa itakupa nguvu ukiwa umeshalala shambani. Kama una kasi ya ziada, fungua breki za angani badala ya kukata mafuta.

Kila unapobadilisha nguvu, sogeza wenzo kidogo, hesabu moja hadi tatu, tazama kasi, ndipo uamue tena. Anayesukuma, akaona kimya, akasukuma zaidi, huletewa nguvu zote mbili kwa pamoja. Kisha anakata kwa hasira, na mchezo unaanza upya upande wa chini.

Tazama kioo cha mbele. Kuna sehemu moja ya ardhi isiyopanda wala kushuka kwenye kioo, na hapo ndipo unapokwenda. Iwe mwanzo wa njia. Ikiwa ni nyasi kabla ya njia, ongeza nguvu sasa, si baadaye.

Kugusa. Mita chache juu ya lami, anza kuvuta kijiti polepole huku ukirudisha wenzo wa mafuta mpaka chini. Hamisha macho kutoka lami iliyo karibu, uyapeleke mwisho wa njia. Ukikodolea ardhi iliyo chini ya pua, utavuta kwa mshtuko. Shikilia pua juu kidogo, magurudumu ya nyuma yatangulie. Acha pua ishuke taratibu, na ukiwa chini ya 150 anza kugusa breki kwa vipindi, pedali zikiwa katikati. Kijisanduku chako cha vidhibiti kitakuumbua kama haziko katikati.

Onyo. Ukidunda, usisukume kijiti mbele. Shika pua ilipo na uiache ndege itue tena. Kama mdundo ni mkubwa, au kama ulikuja ovyo tangu mwanzo, zunguka tena. Lakini uamuzi huo ufanye ukiwa bado juu, angalau mita 50, ukizingatia muda ambao injini itauchukua kuamka. Sukuma nguvu kwa utulivu, shika kasi, kunja magurudumu, na flapu zikunje kwa awamu.

Utajua umefaulu ukitua mara kadhaa mfululizo ndani ya theluthi ya kwanza ya njia, ukasimama bila kutoka kwenye mstari wa katikati. Kutua mara moja kwa bahati usikuhesabu. Ukitaka kuona ulipokosea, rekodi safari kwa Tacview, programu ya kuchambua safari za ndege, na utazame kasi na urefu wako mita kwa mita. Utashangaa jinsi kosa linavyoanza mapema, mara nyingi kwenye kona ya mwisho.

## Hatua ya 6: Shabaha

Una mzinga mmoja wa milimita 37 wenye risasi 40, na miwili ya milimita 23 yenye risasi 80 kila mmoja. Zinasikika nyingi, ila ule mkubwa hufyatua takriban risasi 400 kwa dakika, kwa hiyo unaisha ndani ya sekunde 6. Ndiyo maana nilisisitiza vitufe viwili tofauti. Kabla ya yote, washa swichi za silaha na ukoki mizinga yote mitatu. Asiyekoki hulaumu joistiki.

Anza na shabaha tulivu. Weka An-26B, ndege ya mizigo, kwenye misheni, iruke imenyooka. Kwenye kilengeo weka upana wa mbawa mita 29, kisha zungusha mshiko wa umbali mpaka duara la vidoti viguse ncha za mbawa zake. Kilengeo sasa kinajua umbali na kinakuhesabia pa kuelekeza. Kinahitaji ukituliza kwa muda, maana ukiwa unatapatapa na kijiti, duara nalo litatapatapa. Usifyatue ukiwa mbali zaidi ya mita 400, na ufyatue kwa mikupuo mifupi. Anza na zile za milimita 23. Ukiziona zinagonga, ndipo uongeze ule mkubwa.

Ukishazoea, badilisha shabaha iwe F-86F, ndege ya kivita ya Kimarekani, upana mita 11. Usimfuate akipiga mbizi. Usukani wake una haidroliki, wako hauna, na kwenye kasi ile yeye atainua pua wakati wewe unabembeleza kijiti huku breki za angani zikikufungukia. Panda. MiG ni nyepesi na hupanda vizuri zaidi yake, kwa hiyo mlazimishe akufuate juu mpaka kasi yake iishe, kisha mshukie.

Mafuta ya ndani ni lita 1,400 hivi, na mapigano huyala haraka. Zikibaki lita 300 taa itawaka. Hata kama adui yuko mbele ya kilengeo, geuza pua kuelekea Mozdok hapo hapo, kwa sababu ndani ya hizo lita unahitaji pia akiba ya kuzunguka tena kama jaribio la kwanza la kutua litakushinda.